Taa ya nyuma ya kuchaji: ipi ufunge kwenye baiskeli yako?

Taa ya nyuma ndiyo kifaa pekee cha baiskeli ambacho mwendeshaji hakioni kikifanya kazi. Breki ikilegea utaijua kwa vidole, mnyororo ukikauka utausikia ukilia, gurudumu likipungua upepo mwili mzima utapata habari. Taa ya mbele ikizima, giza lenyewe linakuambia. Ya nyuma ikizima, wewe unaendelea kukanyaga pedeli kwa amani kabisa, na dereva anayekuja nyuma hana namna ya kujua kwamba hapo palipaswa kuwa na taa.

Ndiyo maana siupi mwangaza nafasi ya kwanza katika ulinganisho huu, ingawa makasha mengi ya taa huandikwa idadi ya lumeni, kipimo cha mwanga, kwa herufi kubwa kuliko jina la taa yenyewe. Ninachouliza kwanza ni taa gani unaweza kuipa mgongo bila wasiwasi. Taa ya lumeni 100 iliyozimika nusu saa iliyopita inashindwa na ya lumeni 15 inayoendelea kuwaka, na wewe uliye juu ya kiti ndiye wa mwisho kugundua.

Aina tano zikiwekwa pamoja

Madukani kuna taa za kila umbo, lakini ukizipanga kwa kazi zake zinaingia katika makundi matano.

La kwanza ni taa ndogo za mkanda wa mpira. Ni nyepesi, unaifunga kwenye nguzo ya kiti kwa sekunde chache, na ukifika uendako unaitia mfukoni isiibwe. La pili ni taa kali zilizotengenezwa zionekane hata jua likiwa la utosi. Bontrager Flare RT, yenye lumeni 90, ni mfano unaojulikana sana, na mtengenezaji wake anasema inaonekana mchana kutoka umbali wa kilomita 2. La tatu ni zile zenye kihisi: zinajua umepunguza mwendo zikawaka kwa nguvu, au zinapima mwanga uliopo zikajirekebisha zenyewe. CatEye ya Japani huziita Kinetic taa zake za namna hiyo, na Exposure ya Uingereza huita mfumo wake ReAKT. La nne ni taa zenye rada inayokuarifu gari likija nyuma yako, na hapa jina linalotajwa kwanza ni Garmin Varia. La tano halizungumzwi sana: taa za kukazwa kwa skrubu kwenye keria, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa kufuata sheria ya Ujerumani, kama zile za Busch & Müller.

| Aina | Mwangaza | Muda wa chaji | Inapofaa | Inapokwama |
|---|---|---|---|---|
| Ndogo ya mkanda | takriban lumeni 10 hadi 40 | saa chache ikiwaka mfululizo | safari fupi, barabara zenye taa, taa ya akiba | betri ndogo, mkanda unaochakaa |
| Kali ya mchana | takriban lumeni 60 hadi 100 na zaidi | hutegemea sana mtindo unaoutumia | barabara za magari ya kasi, mvua, ukungu | huumiza macho ya walio karibu usiku |
| Yenye kihisi | kama mojawapo ya hizo mbili | mrefu zaidi ikiwa inajizima yenyewe | msongamano, kuendesha kwa kundi | huweza kudanganywa na mashimo |
| Yenye rada (Varia RTL515) | lumeni 20 mfululizo, 65 kwa kupepesa mchana | saa 6 mfululizo, hadi 16 kwa kupepesa mchana | barabara ndefu zenye magari machache | mjini hulia bila kupumzika |
| Ya keria | lumeni chache zilizotawanywa vizuri | mrefu | matumizi ya kila siku | haihami, na keria lazima iwepo |

Jedwali linaficha mambo mengi. Nitayachukua moja moja, na baadhi nitayapita haraka kwa sababu hayabadilishi uamuzi.

Lumeni na kinachomfikia dereva

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, pande zote. Dereva aliye mita 150 nyuma yako hapokei jumla hiyo. Anapokea sehemu ndogo iliyoelekezwa kwake, na ukali wa mwanga unaoelekea upande fulani hupimwa kwa kandela. Kwa hiyo taa mbili za lumeni 30 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja ina lenzi inayobana mwanga katikati, ikaonekana mbali sana kwa aliye nyuma moja kwa moja, kisha ikafifia mara tu barabara inapopinda. Nyingine inamwaga mwanga kila upande, ikaonekana vizuri na gari linaloingia kutoka barabara ya pembeni, lakini kwa mbali ikawa doa tu.

Taa nzuri hufanya yote mawili: kiini kikali katikati, na madirisha ya pembeni yanayopitisha mwanga. Kuijaribu hakuhitaji kipimo. Iwashe, iweke juu ya kitu palipo na giza, rudi nyuma mpaka mwisho wa nafasi uliyonayo, halafu tembea nusu duara ukiizunguka. Ikipotea kabla hujafika ubavuni, ujue kwamba kwenye njia panda itakutupa.

Sheria za Uingereza huiwekea taa ya nyuma inayopepesa kiwango cha chini cha kandela 4, wala haziulizi ina lumeni ngapi. Waliotunga sheria walipima kile kinachofika kwenye macho ya mtu, na mnunuzi angefanya vyema kuwaza vivyo hivyo.

Kisha kuna tofauti ya usiku na mchana, ambayo watu wengi hawaijali. Usiku macho ya dereva yameshazoea giza, na lumeni 10 hadi 20 zilizoelekezwa sawasawa zinatosha. Ukizidisha sana, yule mwendesha baiskeli aliye nyuma yako atakuwa anaangalia pembeni muda wote, na dereva atashindwa kukadiria upo umbali gani kwa sababu anaona mng'ao tu. Mchana mambo yanageuka: taa inashindana na jua, na hapo ndipo lumeni 60, 80 au 100 zinapofanya kazi ya maana, tena kwa kupepesa. Taa kali isiyo na mtindo wa usiku uliopunguzwa ni taa ya nusu siku. Usiinunue ikiwa ndiyo pekee utakayokuwa nayo.

Mwako mfululizo au wa kupepesa?

Hata nchi zenyewe hazikubaliani. Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli kupepesa. Ya nyuma lazima iwake mfululizo. Uingereza imeruhusu kupepesa tangu 2005, kwa sharti kwamba taa ipepese kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Kila upande una hoja yake. Mwanga unaopepesa huvuta jicho haraka, hasa mchana na katikati ya taa nyingine zisizopepesa. Mwanga uliotulia humsaidia dereva kujua uko wapi hasa, unaelekea upande gani na amebakiza umbali gani kukufikia, kwa kuwa jicho lina kitu cha kushika muda wote.

Mimi nachagua mfululizo usiku na kupepesa mchana. Anayeweza kufunga taa mbili hana haja ya kuchagua: moja itulie, nyingine ipepese. Kinachonisumbua ni mitindo ya kupepesa kwa fujo, ile inayokimbiza mwanga huku na huko kama taa za ukumbi wa muziki. Taa nyingi za bei ya chini zina mitindo sita au saba ya aina hiyo. Miwili au mitatu yenye maana inatosha.

Tukiwa kwenye mitindo, jambo dogo linalofichua ubora wa taa ni kitufe chake. Kuna taa ambazo ukibonyeza kubadili mtindo unapitia pia "zima". Ukiwa njiani, umepeleka mkono nyuma bila kuona, umebonyeza mara moja zaidi, umeizima bila kujua. Taa iliyofikiriwa vizuri huzimwa kwa kubonyeza na kushikilia, na ikiwashwa tena hurudi kwenye mtindo ulioutumia mwisho. Nyingine zina kufuli la kitufe ili isijiwashe ndani ya begi ikamaliza chaji yote kabla hujaondoka.

Betri: hapa ndipo pa kutumia muda wako

Kasha likisema "hadi saa 50", jua kwamba saa hizo ni za mtindo dhaifu kuliko yote, kwa kawaida ule wa kumweka kidogo na kunyamaza. Taa hiyohiyo ikiwaka mfululizo kwa nguvu zote huenda haifiki saa 3.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya mAh 300 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) yenye volti 3.7 ina takriban wati-saa 1.1. Taa ikila nusu wati, chaji inakwisha baada ya saa 2 na dakika chache. Ikipepesa kwa namna ya kuwaka sehemu moja tu ya kumi ya muda wote, chaji hiyohiyo inapita saa 20. Betri ni ileile, na mwenye kuandika kasha amechagua tarakimu inayopendeza. Kwa hiyo unapolinganisha taa mbili, linganisha mtindo kwa mtindo: saa za mfululizo za hii kwa saa za mfululizo za ile. Jambo jingine ni kwamba lumeni zinazotajwa kwa mtindo wa kupepesa ni za kilele cha mwako. Lumeni 100 za kupepesa na lumeni 100 za mfululizo si uzito mmoja.

Kipimo changu ni hiki: chukua safari yako ndefu kuliko zote, tazama saa za mtindo utakaoutumia kweli, na hakikisha saa hizo ni mara mbili ya safari. Mara mbili kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500 hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, baridi kali huipunguzia tena, na hakuna anayechaji kila siku kama alivyojiapiza siku aliyoinunua.

Lakini idadi ya saa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna taa inavyokufa. Zipo zinazowaka kwa nguvu zote mpaka dakika ya mwisho, kisha giza. Zipo ambazo chaji ikibaki kidogo hushuka zenyewe kwenye mwako hafifu na kuendelea kwa muda, ili zikufikishe. Kwangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika ulinganisho huu, na ajabu ni kwamba mara nyingi kasha haliitaji. Itafute kwenye kijitabu cha maelekezo, au muulize mtu anayeitumia. Taa ya kwanza ingeuzwa nusu ya bei ya pili, bado ningechukua ya pili.

Angalia pia kitaa cha kuonyesha chaji kimewekwa wapi. Kikiwa kwenye uso wa taa, kinamtazama dereva. Kinapaswa kuwa juu au upande wa mbele, uweze kukiona ukiinamisha kichwa kidogo, au taa itume hali ya betri kwenye simu au kompyuta ndogo ya usukani. Kwa taa zisizo na chochote kati ya hivyo kuna njia ya zamani: ukiwa mahali penye giza, tupa jicho chini nyuma ya gurudumu utafute wekundu barabarani au kwenye madigadi. Ukiuona, taa iko hai.

Taa nyingi za kuchaji zimezibwa, na betri ikichoka, taa yote imekwisha. Ndiyo sababu bado nawaelewa wanaobaki na taa zinazotumia betri za AAA za kuchajika, za NiMH. Si za kisasa, lakini betri mbili za akiba kwenye begi zinabadilishwa kando ya barabara, jambo ambalo taa iliyozibwa haikupi.

Joto nalo huiua lithiamu kimyakimya. Usiiache taa kwenye gari lililofungwa juani, na ikiwa hutaitumia kwa miezi kadhaa, ihifadhi ikiwa na takriban nusu chaji.

Tundu la kuchaji na maji

USB-C ndiyo ya kuchagua ukiweza, kwa sababu waya uliopo tayari kwa simu utatumika pia kwa taa. Taa yenye tundu dogo la micro-USB si mbaya kwa hilo pekee, na RTL515 ya Garmin ni mojawapo, ila itakulazimu kutunza waya wake. Baadhi ya taa za Lezyne na Knog zilitengenezwa na plagi ya USB kwenye mwili wake, unaichomeka moja kwa moja bila waya wowote. Mpango huo ni mzuri sana kwa anayechajia ofisini kwenye kompyuta, na ni usumbufu kwa mwenye chaja zenye matundu ya USB-C peke yake.

Kuna mtego mmoja hapa. Taa kadhaa za bei ndogo zina tundu la USB-C lakini hazichajiki kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Ndani yake hazikuwekwa vikinza viwili vidogo vya umeme vinavyoiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachohitaji chaji, hivyo chaja inakaa kimya. Zinakubali waya wenye USB-A ya kawaida upande mmoja tu. Ukichomeka usiku ukalala, asubuhi utakuta haijaingia kitu. Kabla ya kuirudisha dukani ukidhani ni mbovu, jaribu waya mwingine.

Kuhusu maji, soma herufi za IP. IPX4 inastahimili maji ya kurukia kutoka kila upande. IPX6 inastahimili mpigo mkali wa maji. IPX7 inastahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Watu hudhani namba kubwa inajumlisha ndogo, lakini IPX7 peke yake haimaanishi taa imepimwa kwa mpigo wa maji, na taa ya nyuma isiyo na madigadi hupigwa na maji ya gurudumu kutoka chini safari nzima. Kwa hiyo natazama zaidi tundu liko wapi na kizibo chake cha mpira kinakaa vipi. Tundu lililo chini, likitazama gurudumu, huhitaji kizibo kinachobana kwelikweli. Kizibo kinachoning'inia siku ya kwanza kitakuwa kimepotea kabla ya mvua za pili.

Mahali pa kuifunga

Taa bora kuliko zote iliyofunikwa na koti haina tofauti na kutokuwa na taa. Kaa kwenye baiskeli ukiwa na mavazi na mizigo ya kawaida, kisha mwambie mtu asimame nyuma atazame. Koti refu, begi la chini ya kiti, kiti cha mtoto na mzigo wa keria ndivyo vinavyoziba taa mara nyingi, na vyote huingia baada ya taa kununuliwa.

Kuhusu kimo, Uingereza hutaka taa ya nyuma iwe kati ya sentimita 35 na 150 kutoka ardhini, Ujerumani kati ya 25 na 120. Nguzo ya kiti na keria vyote vinaingia humo. Muhimu zaidi ni mwelekeo. Nguzo ya kiti imelala kidogo kuelekea nyuma, hivyo taa iliyofungwa juu yake bila kishikio cha kurekebisha pembe hutazama barabara nyuzi kadhaa chini ya macho ya dereva. Lenzi inayobana mwanga ikielekezwa vibaya hivyo inapoteza sehemu kubwa ya kile ulicholipia. Kishikio kizuri huisimamisha taa wima hata kama nguzo imelala.

Mkanda wa mpira ni rahisi kwa kila baiskeli, lakini jua huukausha ukapasuka, tena kimyakimya upande usiouona. Kabla ya kununua, uliza kama mkanda wa akiba unapatikana peke yake. Taa ya keria haina tatizo hilo. Inakazwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 50 au 80, ndiyo vipimo vya kawaida vya keria, basi pima yako kwanza. Wizi ni hoja halali dhidi yake, ingawa mwizi wa taa hupendelea inayotoka kwa mkono mmoja.

Je, kihisi cha breki kina maana?

Kiasi. Taa inapima kupungua kwa mwendo na kuwaka kwa nguvu kwa sekunde mbili au tatu. Ujerumani nayo iliruhusu taa ya breki kwa baiskeli katika marekebisho ya 2017. Kwa wanaoendesha kwa mstari, gurudumu kwa gurudumu, ni msaada wa kweli. Kwa dereva wa gari, taa iliyokuwa nyekundu imekuwa nyekundu zaidi, na sina hakika analitambua hilo katika msongamano. Mashimo na matuta nayo huweza kuidanganya ikawaka bila breki kuguswa.

Kihisi ninachokipenda ni kile cha mwendo na mwanga: baiskeli ikisimama muda fulani taa inajizima, ikiguswa inaamka. Hicho kinalinda chaji na kinamkumbuka msahaulifu. Hakikisha tu kwamba haijizimi haraka mno. Kwenye taa za kuongozea magari ndipo unapokuwa umesimama na magari yanakuja nyuma.

Rada

Varia RTL515 hutambua magari yanayokuja kutoka umbali wa hadi mita 140 na kukuarifu kwenye kompyuta ya usukani au simu. Gari likikaribia, taa yenyewe hubadilisha mwako wake. Gari la kilomita 80 kwa saa likimfuata mwendeshaji wa kilomita 20 linamkaribia kwa takriban mita 17 kwa sekunde. Mita 140 zinampa kama sekunde 8. Hizo ni nyingi: unaacha kuzungumza, unakaa kwenye mstari wako, unaahirisha kukwepa shimo.

Kwa kipimo nilichoanza nacho, rada ndiyo inayoongoza, maana ndiyo taa pekee inayozungumza nawe kila mara. Ikizima, muunganiko unakatika na kifaa cha mbele kinakuambia. Hata asiyejali magari angepata faida hiyo.

Ina mipaka, nayo ni ya kimaumbile. Haioni nyuma ya kona wala nyuma ya kilima. Gari linalokufuata kwa mwendo uleule wako huweza kutoweka kwenye skrini, kwa kuwa rada hutambua vitu vinavyokukaribia. Begi likiiziba, imekuwa kipofu. Na mjini, ambako kila sekunde kuna gari, mlio wake unageuka kelele utakayoizoea mpaka usiisikie. Ukimya wa rada usiuchukue kuwa ruhusa ya kuhama njia. Kichwa bado kinageuzwa. Toleo la RCT715 limeongezewa kamera, na kamera hiyo inakula betri: saa za mwako mfululizo zinashuka hadi 4.

Taa haifanyi kazi peke yake

Katika mji wa Odense, Denmark, mwaka 2004 na 2005, waendeshaji baiskeli 3,845 walishiriki katika jaribio. Kundi moja lilipewa taa zinazowaka muda wote gurudumu likizunguka, usiku na mchana, kwa nguvu ya sumaku zilizofungwa kwenye njiti. Kundi hilo lilipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19 kuliko lile lisilo na taa hizo. Taa hizo hazikuhitaji mtu akumbuke kuchaji wala kuwasha. Anayeendesha kila siku na anayejijua kwa usahaulifu atazame upande huo pia, wa sumaku au wa dinamo ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kabla hajaamua kwamba lazima iwe ya kuchaji.

Kiakisi chekundu kibaki mahali pake hata ukinunua taa ya rada. Hakina betri, hakizimi, na mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani wa Vienna wa 1968 unakitaka pamoja na taa. Viakisi vya miguuni navyo vina nguvu ambayo taa haina: mguu unaopanda na kushuka unamwambia dereva kwamba huyo ni mtu kwenye baiskeli. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa 2012, usiku kwenye barabara iliyofungwa, madereva walimtambua mwendeshaji kwa asilimia 90 alipovaa kizibao cha kuakisi pamoja na viakisi vya magoti na vifundo, na kwa asilimia 50 alipovaa kizibao peke yake.

Basi uchukue ipi?

Anayekwenda kazini au shuleni kila siku kwa baiskeli ileile: taa ya keria, mwako mfululizo, na ndogo ya mkanda kama akiba. Sioni mshindani wa karibu.

Anayeendesha barabara ndefu nje ya mji, mchana, kati ya magari ya kasi: kali ya mchana kwanza. Rada iongezwe kama mfuko unaruhusu na kama tayari ana kompyuta ya usukani. Kuangalia simu njiani ili kujua rada inasema nini kunaharibu kusudi lake.

Mwenye baiskeli kadhaa, au anayeazima: ndogo ya mkanda yenye lenzi ya pembeni, saa zisizopungua 4 za mfululizo, na inayoshuka mwako badala ya kuzima ghafla.

Anayeendesha kwa kundi: yenye kihisi, au yoyote yenye mtindo hafifu usiopepesa, kwa heshima ya macho ya mwenzake wa nyuma.

Na anayeanza kabisa, asiye na taa yoyote, anunue mbili za wastani badala ya moja kubwa. Moja kwenye nguzo ya kiti iwake mfululizo, nyingine ipepese kwenye keria, begi au kofia. Zichajiwe siku tofauti, ili zisije zikaisha katika safari moja.